Honi ya Bwana Haraka

Nyabiondo, Jumamosi, tarehe 15 Septemba 1956
Asubuhi: ukungu mpaka saa mbili, kisha jua dogo. Baridi.

Kaka Floribert,

Hunijui. Mimi ni Euphrasie, mwalimu wa darasa la tatu hapa Nyabiondo, ninakaa nyumba moja na dada yako Verdiane. Ni yeye aliyenisukuma nikuandikie. Anasema, "Kaka yangu iko anaponyesha malori hata akiwa na usingizi." Mimi nakuletea mgonjwa mdogo kuliko lori.

Papa yangu, Semana, ni shoferi wa mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Kirolirwe. Watu wanamwita Bwana Haraka kwa sababu ya motokari yake. Ni ya mashindano, nyekundu, ina viti viwili na haina paa, nayo iko chini sana hata mbuzi wanaitazama kwa dharau. Iliundwa kabla ya vita. Bwana alivunjika mguu mwaka jana, alipotupwa na farasi, na tangu hapo haendeshi, lakini hataki motokari yake ilale. Kila Jumanne na Ijumaa Papa anashuka nayo mpaka hapa na bahasha za kiwanda cha mbao cha Bwana, ili zipande lori la Jean-Bosco linaloondoka kwenda Walikale saa sita kamili.

Sasa motokari inazimika njiani, na si kila siku. Papa anashuka, anafungua mbele, anasafisha buji zote nne zinazowasha moto wa injini, inapita robo saa, nayo inawaka kama kitu ambacho hakijawahi kukosea. Fundi wa Goma ameikagua mara mbili, na mara zote mbili ilimzungusha mji mzima bila kukohoa.

Bahasha zimekosa lori mara mbili. Bwana amesema: "Mara ya tatu, Semana, utanirudishia ufunguo." Papa ana miaka kumi na tisa kwenye usukani wa Bwana huyo, na nyumba tunayoiita ya kwetu imejengwa ndani ya shamba lake.

Nina daftari ninaloandika kila siku, kwa hiyo nakunakilia. Tarehe 4, Jumanne: ilizimika, mvua ndogo. Tarehe 7, Ijumaa: haikuzimika, mawingu. Tarehe 11: ilizimika mara mbili, mvua kubwa, lori likakoswa. Tarehe 14: ilizimika, mvua, lori likakoswa. Kila mara ni kwenye kona za mteremko, ikienda polepole.

Mimi nadhani ni maji ya mvua. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu na kushona.

Nakushukuru mbele ya jibu.
Euphrasie


Ntoto, Jumatano, 19 Septemba 1956

Dada Euphrasie,

Barua yako imesomwa garage nzima. Wenzangu wanasema hawajawahi kumwona mgonjwa aliyeletwa na tarehe zake. Wateja wetu wanasema tu "imekufa", na ukiwauliza lini, wanasema "zamani kidogo".

Mvua inaweza kuwa ndiyo. Lakini marehemu baba yangu alikuwa mwindaji, na alitufundisha kwamba mnyama mwenye haya hafukuzwi. Unaketi kwenye njia yake, unaangalia alama za kwato zake, unaangalia na alichokula. Hitilafu inayokuja na kuondoka ni mnyama wa namna hiyo. Fundi wa Goma aliikimbiza, ikajificha.

Kwa hiyo tuketi. Naomba mambo mawili. La kwanza: ikizimika tena, Papa asishuke mara moja. Abonyeze honi kwanza. Honi ikilia, ugonjwa uko upande wa injini. Honi ikinyamaza, motokari yote imekosa umeme, nasi tutaacha buji zipumzike. La pili: uniandikie kila kilichokuwa ndani ya motokari siku hiyo. Watu, mizigo, kila kitu.

Msalimie Verdiane. Mwambie mama anauliza kama huko milimani bado anakula.

Floribert


Nyabiondo, Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1956
Asubuhi: wazi kabisa. Umande mwingi.

Kaka Floribert,

Mvua haina kosa. Jumanne tarehe 18 ilinyesha mpaka watoto wakashindwa kuvuka kijito, na Papa alifika saa tano akiwa amelowa kama sifongo, bila kuzimikiwa hata mara moja. Jana, Ijumaa tarehe 21, jua lilikuwa kali, barabara kavu, motokari ikazimika kwenye kona ya pili kutoka hapa. Aliwahi lori kwa dakika tatu. Jean-Bosco alikuwa ameshapanda na kuwasha.

Honi: Alhamisi nilimpelekea Papa agizo lako kwa njia ya karani wa shamba. Alicheka. Lakini alilifanya. Honi haikulia hata kidogo. Kisha akashuka, akasafisha buji, akarudi, akabonyeza tena, ikalia mpaka kuku wa kando ya barabara wakaruka.

Nilimwambia, "Papa, kaka Floribert anasema kama honi imenyamaza, si buji."

Akasema, "Huyu Floribert iko anakula nyama ya nyani kule porini, atajua nini juu ya motokari ya mashindano?"

Usikasirike. Ndivyo anavyosema juu ya mtu anayeanza kumpenda.

Ndani ya motokari: Papa na mfuko wa bahasha. Hakuna zaidi.

Euphrasie


Ntoto, Jumatano, 26 Septemba 1956

Dada Euphrasie,

Mwambie Papa nyani ni mtamu kuliko majani ambayo ng'ombe zake zinatafuna, na siku moja nitamletea mguu mmoja wa kuonja.

Sasa tunamjua mnyama kwa jina. Honi iliyonyamaza inaonyesha batri, au mmoja wa nyaya zake mbili nene. Tena inaeleza zile kona. Motokari ikienda kwa kasi, dinamo inatengeneza umeme wa kutosha, batri inaweza hata kusinzia. Ikienda polepole kwenye kona, dinamo inachoka, na kama waya wa batri umejiinua wakati huohuo, moto unakufa wote.

Katika motokari za namna hiyo batri inakaa nyuma ya viti, ndani ya sanduku lenye mfuniko. Papa afungue, aangalie vibano vinavyoshika nyaya kwenye vichwa vya batri. Atikise kwa mkono.

Kuna jambo moja linanisumbua. Honi ililala, kisha ikaamka. Katikati Papa alisafisha buji. Lakini buji hazilishi honi, ni kama kufua shati ili kuponya jino. Basi, kati ya honi ya kwanza na ya pili, Papa alifanya nini kingine?

Floribert


Nyabiondo, Ijumaa 28/9/56

Kijana Floribert,

Miye mwenyewe Semana njo naandika, juu mutoto wangu ananiletea maswali yako kila siku kama vile miye niko mwanafunzi yake. Nimekaa hapa mbele ya nyumba ya masomo, saa iko tano na nusu, motokari haikuzimika leo. Uandike ile pia.

Nilifungua sanduku la batri. Batri iko muzima. Waya ziko mahali yake. Hakuna kitu.

Unauliza nilifanya nini. Nilisafisha buji! Miye nilianza kuendesha mbele weye hauyaota meno. Kama buji haziko na kosa, juu ya nini nikizisafisha motokari inawaka? Ujibu ile.

Jumanne ilizimika, ni kweli. Nilisafisha, ikawaka. Njo vile.

Nyama ya nyani sitakula. Lakini asante kwa kuwaza mutu muzee.

Semana


Ntoto, Jumatano, 3 Oktoba 1956

Dada Euphrasie,

Papa ameniandikia barua nzuri sana, na ndani yake hakuna jibu la swali langu. Mwindaji anajua: mahali ndege wote wananyamaza, ndipo pa kuangalia.

Barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuiandika, kwa kuwa sitaki kuonekana ninachungulia nyumba ya watu. Lori lililoleta barua ya Papa lilileta na ya Verdiane, na yeye hajui kuficha hata sindano. Anamjibu mama kwamba anakula vizuri. Nanakili: "Jumanne tulikunywa maziwa ya Papa Semana mpaka tukasahau kupika. Ile Ijumaa ya jua pia. Lakini Jumanne ya mvua kubwa hatukuona hata tone, tukalala na maharagi."

Jumanne aliyotaja ni tarehe 25: motokari ilizimika. Ijumaa ya jua ni tarehe 21: ilizimika. Jumanne ya mvua kubwa ni tarehe 18: haikuzimika.

Sina swali ila moja, na kama hutaki kulijibu, sitakuuliza tena. Tazama daftari lako. Siku ambazo motokari haikuzimika, kuna hata moja mliyokunywa maziwa?

Floribert


Nyabiondo, Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 1956
Asubuhi: ukungu mwepesi, ulitoka mapema. Sauti za mbali zilisikika vizuri.

Kaka Floribert,

Hakuna hata moja.

Kwanza nikiri. Nilikuandikia "Papa na mfuko wa bahasha, hakuna zaidi." Ulikuwa uongo, nami niliujua wakati wino haujakauka. Bwana Haraka amekataza maziwa ndani ya motokari yake kwa sababu ya harufu. Lakini bibi yangu, Mukabaranga, hawezi kukubali kwamba mjukuu wake anakaa mahali pasipo ng'ombe, anakunywa maji kama mti. Siku ng'ombe wametoa vizuri, anamkabidhi Papa kibuyu. Papa aliniambia, "Ile mambo ya maziwa usiiandike, barua iko na masikio." Nikamtii. Kwenye daftari langu mwenyewe niliandika maziwa kila mara, mstari wa chini kabisa, pamoja na chakula na saa ya kulala. Nilipokunakilia, nilikuwa ninakata mstari huo. Yaani nilikuwa nimeshika jibu kwa mikono miwili, na nilikuwa ninalinywa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilipanga kurasa kwenye meza. Tarehe 4, 11, 14, 21, 25 na Jumanne hii tarehe 2: maziwa, na ilizimika. Tarehe 7, 18, 28: hakuna maziwa, haikuzimika. Verdiane alisimama nyuma yangu akasema, "Basi miye njo nilikuwa naharibu motokari!"

Sasa sikia ya jana.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nilikuwa nje na darasa langu, tunapima uwanja kwa kamba. Tukaiona motokari inashuka kona ya mwisho, nyekundu, nzuri, kisha ikanyamaza. Iliteleza kidogo ikasimama, hatua mia mbili kutoka kwenye lori. Jean-Bosco akapiga honi yake, akapaza sauti: "Papa Semana! Dakika kumi! Nikichelewa, miye pia niko na bwana!"

Nilimwachia Verdiane kamba na watoto, nikakimbia. Papa alikuwa ameshashuka. Hakwenda mbele kwenye injini. Alikwenda nyuma ya viti, akafungua mfuniko wa sanduku la batri na kuingiza mikono yote miwili. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka:

"Papa! Usiguse maziwa!"

Akaganda. Barabara nzima iligeuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Euphrasie. Unaniharibia jina mbele ya bantu."

Nilifika. Nikatazama. Kaka, sikiliza vizuri. Sanduku lile liliundwa kwa batri kubwa, na batri ya sasa ni ndogo, kwa hiyo pembeni kuna nafasi. Katika nafasi hiyo kibuyu chetu kilikuwa kimesimama wima, kimejaa, kimetulia kama mgeni wa heshima. Na ili kisianguke, Papa alikuwa amefunga kamba yake kwenye waya mnene wa batri.

"Papa, kwa nini hapa?"

"Niweke wapi? Chini, mahali pa miguu? Maziwa?" Alikuwa amekasirika kweli. "Nyumbani maziwa inakaa juu ya uruhimbi, mahali yake yenyewe, inasimama, inafunikwa. Nilitafuta uruhimbi katika hii motokari yote. Njo hapa tu."

Nikaona kibuyu kimeegemea upande wa bonde, kamba imekaza, na kibano cha waya kimejiinua juu ya kichwa cha batri kwa upana wa ukucha. Nikamwambia abonyeze honi. Kimya. Nikakisukuma kibano chini kwa kidole gumba. "Tena, Papa." Ikalia! Nikaachia, ikanyamaza. Nikasukuma, ikalia. Kule uwanjani darasa la tatu lilianza kucheza.

Ndipo nikaelewa jibu la swali lako. Kila mara motokari ilipozimika, jambo la kwanza la Papa lilikuwa kutoa kibuyu na kukificha majanini, mpita njia asije akamwambia Bwana. Kibuyu kikitoka, waya ulirudi mahali pake. Kisha alisafisha buji, nazo zikapata sifa.

Tulikata kamba kwa kisu chake. Nilibeba kibuyu kichwani mbele ya watu wote, na Papa akawasha motokari na kuliendea lori kwa mwendo ambao hata Bwana Haraka angeuonea wivu. Zilibaki dakika mbili.

Kutoka kwenye lori alirudi kwa miguu. Alikaa ukutani kwetu, akatazama mikono yake. "Miaka kumi na tisa," akasema. "Na ningefukuzwa na kibuyu cha mama yangu." Kisha kicheko kikamkamata mpaka akatoa machozi. Amesema nikuandikie kwamba buji, hata hivyo, sasa ni safi kuliko za motokari yoyote ya Kivu.

Kibano kina ufa mwembamba, ndiyo sababu hakikazi tena. Nimekichora hapa chini kwa ukubwa wake.

Nisamehe uongo wangu.
Euphrasie


Ntoto, Jumatano, 10 Oktoba 1956

Dada Euphrasie,

Umesamehewa kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Mtoto anayemfunika baba yake hana uongo mkubwa. Nilisoma mahali pa "Usiguse maziwa" kwa sauti, na mkubwa wa garage akaketi chini.

Nimetengeneza kibano kipya cha madini ya risasi kwa kufuata mchoro wako. Mchoro wako ni sawa kabisa. Nimepima kwa kompa kwenye batri ya garage. Ningeweza kukituma kwa Jean-Bosco. Lakini kibano kama hicho kinatakiwa kuwekwa na mkono wa aliyekitengeneza. Si kweli, mtu yeyote anaweza kukiweka. Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Nitapanda na lori Alhamisi tarehe 18, nitashuka nalo Ijumaa saa sita.

Nina ombi. Umenizoesha kurasa zenye mstari uliokatwa. Nikisharudi, uninakilie ukurasa mmoja mzima wa daftari, siku yoyote unayotaka, usikate kitu.

Floribert


Nyabiondo, Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1956

Kaka Floribert,

Natumaini ulifika salama. Ulisema siku yoyote. Nimechagua jana. Sikukata kitu.

"Ijumaa, tarehe 19 Oktoba 1956. Asubuhi: mvua ya usiku imeisha, milima ya Masisi inaonekana yote mpaka juu, anga limeoshwa.

Papa alifika saa nne na nusu. Haikuzimika. Kibuyu sasa kinasafiri kwenye kiti cha pili, kimefungwa kwa mkanda wa zamani wa Papa, kimevikwa koti lake na kofia yake juu. Anasema kiti ni mahali pa mgeni, hakuna aibu. Njiani watu watatu walikisalimia, na mmoja alilalamika kwamba hakikuitika.

Papa anasema wiki hii Bwana ameonyeshwa kibano chenye ufa. Alikigeuza mkononi, akasema, 'Kitu kidogo hivi?' Kisha akainama juu ya sanduku, akanusa. 'Na harufu hii, Semana?' Papa akajibu, 'Batri za zamani, Bwana, ziko na harufu yao.' Bwana alimtazama sana. Akasema ufunguo ubaki kwa Papa.

Floribert wa Ntoto aliweka kibano kipya kwa muda wa dakika nane. Ni mrefu kuliko barua zake. Alikuwa ameleta mguu wa nyani uliokaushwa, umefungwa kwa majani. Papa aliufungua mwenyewe. Akasema, 'Nitakula kidogo, kama weye utakunywa.' Akafungua kibuyu, akammiminia yeye kwanza, mbele ya Verdiane na mbele yangu. Kwetu Papa hammiminii kila mtu. Floribert, ambaye hajawahi kunywa maziwa ya ng'ombe tangu azaliwe, alikunywa yote bila kupumua, akabaki na sharubu nyeupe. Papa alitafuna nyani, akasema, 'Iko na chumvi.' Lori liliondoka saa sita kamili. Motokari ya Bwana ilipiga honi mpaka lori lilipopotea.

Chakula cha jioni: maharagi. Maziwa: yapo.

Kulala: saa saba kasoro robo usiku. Sababu ya kuchelewa: si mvua, si ukungu, si maziwa. Nimepanga kurasa zote za tangu tarehe 15 Septemba, siku ya barua ya kwanza, kwenye meza, naziangalia."

Euphrasie